Zawadi za Mama Stoo Hazikufungwa

"Shika," ndilo neno alilokuwa nalo. Siku ya mwisho ya kazi kabla ya Krismasi, Mama Stoo alikuwa akitoka nyuma ya dirisha lake la nondo na kikapu cha ukili mkononi, anapita chumba hadi chumba, na kila akifika kwa mtu anatia mkono ndani, anatoa kitu, anasema shika. Hakusema heri ya sikukuu wala Mungu akubariki. Kitu chenyewe kilikuwa wazi, bila karatasi wala bahasha: kiberiti, kitana, kopo dogo la mafuta ya mgando. Ukianza kushukuru, yeye ameshafika mlangoni.

Tulikuwa watu kumi na wawili katika maabara ya kupima sampuli za dhahabu, nje kidogo ya mji wa Kahama. Makampuni yalituletea mawe kwa gari, na wachimbaji wadogo kutoka upande wa Bulyanhulu walituletea ya kwao kwenye viroba nyuma ya pikipiki. Mawe yanasagwa, unga unachomwa kwenye tanuru, mwishoni inabaki punje ya dhahabu ndogo kuliko chenga ya mchele, na punje hiyo inapelekwa kwenye mizani. Mama Stoo alitunza vifaa: glavu, barakoa, bakuli za tanuru, karatasi, sabuni. Jina lake nilikuwa nikiliona kwenye orodha ya wafanyakazi kila mwezi, lakini sikuwahi kusikia mtu akilitamka. Hata meneja alimwita Mama Stoo.

Mimi niliingia pale nikiwa na miaka ishirini na miwili, kuingiza majibu ya vipimo kwenye kompyuta. Sikuwa na cheti chochote cha kompyuta. Nilijifunza kuchapa kwenye duka la kutoa kopi Shinyanga mjini, nikiwachapia watu barua zao za kuomba kazi, na siku moja nilichukua barua ya mtu mmoja iliyoandikwa vizuri kuliko zote, nikabadilisha jina na anwani, nikaituma kama yangu. Ndivyo nilivyopata kazi. Tangu siku hiyo niliishi na hofu kwamba mtu atagundua, na dawa pekee niliyoijua ya hofu hiyo ilikuwa kutokosea. Niliprinti ukurasa upya kama jedwali limeegemea upande. Nilibana karatasi kwa stepla, nikaona pini haijanyooka, nikaing'oa, nikabana tena, mpaka kona ya karatasi ikawa kama imeliwa na mchwa. Pini zikiisha nilikwenda kugonga dirishani.

"Lete ya zamani," alikuwa akiniambia.

Hiyo ilikuwa sheria yake. Glavu mpya kwa glavu iliyochanika, betri kwa betri iliyokufa. Fundi wa tanuru aliwahi kumuuliza kama akitaka sabuni alete povu.

"Lete," alisema. "Nilione kwanza."

"Mama, pini za stepla nikuletee vipi za zamani?"

Alisukuma boksi la pini nondoni. "Wewe zako nazijua ziliko. Ziko sakafuni chini ya kiti chako."

Mwisho wa mwaka wangu wa kwanza alifika mezani kwangu, akatia mkono kwenye kikapu, akanipa boksi dogo la klipu za karatasi. "Shika. Hizi hazina kunyooka. Unabana, unaondoka."

Nilidhani ni kejeli, na huenda ilikuwa kejeli. Lakini ninazo mpaka leo zilizobaki.

Ilinichukua miaka miwili kugundua jinsi alivyokuwa akichagua. Nilidhani anakwenda sokoni wiki ya mwisho na kuokota vinavyouzwa rahisi. Kumbe alikuwa akichagua tangu Januari. Kila mtu kazini ana kitu anachoazima kila siku bila kujua kwamba anaazima. Dereva alikuwa hana kitana, anaomba cha yeyote kabla ya kwenda benki. Dada wa mapokezi aliomba pini ya kubania sketi. Mlinzi aliomba peni na kuirudisha imetafunwa. Fundi wa tanuru alichovya kidole kwenye mafuta ya kila mtu kwa sababu moto ulimpasua midomo. Mama Stoo alimwambia midomo yake imekuwa kama bwawa la ng'ombe mwezi wa Oktoba. Yeye alikaa dirishani mwake anaona nani anamwendea nani kuomba nini. Ikifika Desemba, kila mtu anapewa chake.

Nilipomwambia kwamba nimegundua, hakufurahi. "Sasa umegundua utafanya nini?"

"Nimependa tu, Mama."

"Basi penda kimyakimya. Mtu akijua anaangaliwa ataacha kuazima, na mimi nitanunua nini?"

Bei nayo ilikuwa na mpaka. Zawadi isizidi sahani ya wali maharage kwa mama ntilie wetu wa nje ya geti. Mama ntilie akipandisha bei, zawadi nazo zinapanda. "Ukimpa mtu kitu kikubwa umempa kazi," alisema. "Ataanza kufikiria na yeye akupe nini. Kiberiti hakimfikirishi mtu."

Yeye mwenyewe hakupokea. Ukimletea kitu alikuuliza risiti iko wapi, na hata ukicheka hakucheka. Nilimletea karanga kutoka nyumbani mara moja, akazipokea, akazimimina kwenye sahani, akaziweka kwenye meza ya chai ya wote, akanirudishia mfuko umekunjwa. Na huyu ndiye aliyekuwa Muislamu pekee kati yetu, anafunga Ramadhani yake kimya huku sisi tunapita na hotpoti. Dereva alimtania kila mwaka: "Mama Stoo, Krismasi hii umeshaslimu Kikristo?"

"Mimi nagawa mwisho wa mwaka," alisema. "Kama mwaka wenu unaishia kanisani, shauri yenu."

Lazima nieleze kuhusu geti, kwa sababu bila geti hadithi yangu haieleweki. Mahali panapoguswa dhahabu, mtu hatoki kama alivyoingia. Jioni tulipanga mstari, tukavua viatu, tukafungua mikoba, tukafunua hotpoti, dada wa mapokezi alifungua hata kilemba. Kila kitu kilichofungwa kilifunguliwa. Mama Stoo alifika pale kikapu chake kikiwa tayari wazi, ameshakiinamisha ili ndani paonekane.

"Mama, wewe hata sihitaji kukukagua," mlinzi alimwambia siku moja.

"Nikague. Leo usiponikagua, kesho watasema mimi na wewe tuna jambo."

Wote tulisikia maneno hayo. Mimi pia niliyasikia.

Sasa niseme juu ya mtu wa pili, naye tulimwita kwa kazi yake: Mzee wa Mizani. Yeye ndiye aliyeinua punje kwa kibano, akaiweka juu ya mizani, akangoja, akaiondoa na kuirudisha kwenye trei kwa mpangilio uleule. Namba mizani ilizituma yenyewe kwenye kompyuta yangu. Sehemu yake ilikuwa mikono, na mikono yake haikuwahi kutetemeka. Asubuhi alitusalimia mwangaluka, hata wasiojua Kisukuma, na ukimfanyia jambo alisema wabeja kwa sauti ya chini kama mtu anayemeza. Mama Stoo alimwita "baba" na yeye alimwita Mama Stoo "mayu", mama kwa Kisukuma, ingawa walikuwa karibu umri mmoja.

Mzee alikuwa anapoteza macho. Sijui nani mwingine alijua. Mimi nilijua kwa sababu alianza kuniita chumbani kwake na kunipa karatasi: "Hebu nisomee hapa, nione kama shule yenu ya siku hizi inafundisha." Nikasoma, akasema vizuri, umefaulu. Mwanzoni nilifurahi kufaulu. Halafu nikaona kwamba mtihani ule ulikuja kila karatasi mpya ilipokuja.

Mama Stoo alijua kabla yangu. Siku moja meneja aliuliza kwa nini taa kubwa ya stoo imehamia chumba cha mizani, na Mama Stoo alijibu bila kuinua uso kwamba balbu za upande ule zinaungua hovyo. Mwanamke ambaye hakutoa betri bila betri alikuwa akisema uongo kwa meneja mchana kweupe, na uongo wenyewe ulikuwa umenyooka kuliko pini yangu yoyote. Kwa Krismasi mbili nilizoziangalia, alimpa Mzee kalamu nene nyeusi ya kuandikia lebo za trei, na mwaka uliofuata tena kalamu nene nyeusi. Nilishangaa. Mbona hampi miwani? Mtu anayeona nani hana kitana angekosaje kuona hilo? Nilifikia uamuzi kwamba yeye pia ana mipaka yake, na nakiri kwamba uamuzi huo ulinifurahisha.

Mwaka wangu wa nne, katikati ya Desemba, binti yake alijifungua Shinyanga mjini, naye akaomba likizo ya mapema. Aliniita dirishani, akanipitishia kikapu kwa mlango wa pembeni. Ndani mlikuwa na vitu kumi, kila kimoja na kikaratasi: Dereva, Mapokezi, Tanuru, Geti. Changu hakikuwemo, aliniambia atanipa mwenyewe.

"Kwa nini mimi, Mama?"

"Wewe hupotezi vitu. Mpe kila mtu mkononi mwake, hapohapo alipo. Usivifunge."

"Hata utepe?"

"Hata utepe."

Hakueleza sababu, nami sikuuliza. Nilibeba kikapu mpaka chumba nilichopanga, nikavipanga vitu kitandani. Vilikuwa vinyonge. Mikononi mwake vilionekana kama akili. Kitandani kwangu vilionekana kama vitu vya mtu aliyesahau. Kibaya zaidi kilikuwa cha Mzee. Mwaka huo hakumwekea hata kalamu. Alimwekea kipande cha kitambaa cheusi, mraba wa viganja viwili, kizito, kimekatwa kwenye nguo ya zamani na kupindwa kingo kwa uzi wa mkono. Tambara. Niliona haya kwa niaba yake. Nilijiambia alikuwa na haraka ya mjukuu.

Nikafanya mambo matatu. Nilikwenda kwa machinga mwenye ubao wa miwani karibu na stendi, nikachagua miwani ya kusomea kwa nusu saa nzima, nikijaribu moja baada ya nyingine kana kwamba macho yangu ni ya Mzee. Iligharimu sahani nne za wali maharage. Kitambaa nikakitia kwenye droo. Halafu nikanunua karatasi nyekundu za zawadi, selotepu na utepe wa dhahabu, nikafunga vyote kumi. Cha dereva nilikifunga mara tatu, maana kitana kilikuwa kinatoboa karatasi. Pembe zilikaa sawa. Sijawahi kufanya kitu kilichokaa sawa namna ile.

Jambo la tatu ni kwamba siku ya mwisho ya kazi sikumpa kila mtu mkononi alipo. Niliviweka vyote kwenye meza ya chai, kila kimoja na jina, ili wavione vikiwa pamoja. Walivipenda. Dada wa mapokezi alipiga picha. Nikawaambia msifungue hapa, mkafungue nyumbani, siku yenyewe.

Mtu atauliza: hukukumbuka geti? Nilikuwa nawaza pembe za karatasi.

Jioni ile meneja alisimama getini mwenyewe, akimpa kila mtu mchele kilo tano na chupa ya mafuta ya kula, akimshika mkono. Kwa sababu meneja alikuwa pale, mlinzi alikuwa askari kamili. Alipoona kifurushi cha kwanza chekundu alinitazama kwa huruma, halafu akamtazama meneja, halafu akaingiza kidole chini ya selotepu.

Alivifungua vyote, kimoja kimoja, juu ya meza ya ukaguzi, mbele ya mstari mzima. Kitana kikatoka, watu wakacheka. Pini za sketi zikatoka, wakacheka zaidi, na dada wa mapokezi akajaribu kucheka nao. Mafuta ya mgando yakatoka, na dereva akasema sasa tanuru litakuwa na mchumba. Cha kwake mwenyewe mlinzi alikifungua pia, kwa haki, akaikuta peni, akasema, "Kumbe natafuna sana, eeh?" Vitu ambavyo kwa miaka yote vilipita mkono kwa mkono bila mtu wa tatu kujua vilikuwa sasa vimepangwa mezani kama ushahidi. Nilikuwa wa nane kwenye mstari. Mzee alikuwa wa tano.

Mlinzi aliinua miwani. "Mzee, hii yako?"

Mzee alinyoosha mkono. Sidhani kama aliona ni nini mpaka alipopewa mkononi na kuipapasa.

"Kumbe huoni, Mzee?" Meneja alisema kwa utani, na huo ndio ukweli, alikuwa anatania. Alikuwa na mfuko wa mchele mkononi. Akauinua. "Hebu nisomee hapa."

"Mchele wa Kahama, kilo tano," Mzee alisema mara moja.

Watu wakacheka, na mimi nikapumua. Lakini meneja si mjinga. Alitazama mfuko, ambao haukuwa na maandishi yoyote upande ule, halafu akaugeuza. Upande wa pili ulikuwa na jina la mashine ya kukoboa, kwa herufi kubwa za kijani.

"Na hapa?"

Nilisikia dereva akihamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine.

"Bwana Meneja," Mzee alisema, "leo tunaenda nyumbani."

Akaivaa miwani ile, akapokea mchele wake, akasema wabeja, akatoka. Ilikuwa imemkaa vizuri. Nilikuwa nimechagua vizuri.

Januari alipelekwa kupimwa. Ulikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili, na miwani yoyote ya machinga isingesaidia kitu. Hakufukuzwa, alihamishiwa kupokea viroba mlangoni, kazi ya vijana, akisubiri matibabu. Alikaa nayo miezi mitatu, kisha akaandika barua ya kuacha. Aliniletea mimi nimchapie. Nilimchapia. Hakuniambia neno baya lolote, nilipomsomea alinisahihisha tu tarehe. Baada ya hapo nilipekua majibu ya miaka miwili nikitafuta kosa lake hata moja kwenye mizani, punje iliyochanganywa, trei iliyopinduliwa, chochote. Nilitafuta kwa sababu lingenisaidia. Sikulipata.

Mama Stoo alirudi kazini wiki ya pili ya Januari. Nilikwenda dirishani kabla hajaniita.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Ulifunga?"

"Nilifunga."

"Kwa nini?"

"Vilikuwa vinaonekana vibaya."

"Kwa nani?"

Aliningoja kidogo, halafu akauliza nilikuwa nataka nini, nikasema pini za stepla, akanipa. Kuhusu kitambaa hakuuliza. Nadhani alidhani kilimfikia Mzee pamoja na miwani. Sikumrekebisha, na huo ulikuwa uongo wangu, nao haukunyooka hata kidogo.

Nilitegemea anichukie, ningejua la kufanya. Lakini alibaki vilevile. Alinifokea vilevile juu ya karatasi, alinitania vilevile. Desemba iliyofuata alipita na kikapu chake, vitu wazi, akafika kwangu, akasema shika, akanipa sifongo ndogo ya kulowanishia vidole. Haikuwa ndogo kuliko zawadi za wengine wala kubwa. Nilikuwa nimetamani adhabu, na nikapewa sifongo.

Kuna mambo yake mengine ambayo hayana uhusiano na haya, nayaandika kwa sababu ndivyo alivyokuwa. Hakuvaa dhahabu hata hereni. Alisema watu wa pale wote tunanukia dhahabu na hakuna aliye nayo, afadhali shanga. Alikataza kula stoo, na nyuma ya boksi la barakoa palikuwa na kopo la biskuti ambalo kila mtu alilijua. Alichukia umbea, lakini ukikaa kimya alikuuliza, "Enhe, halafu?" Alikuwa na imla mbaya sana, kwenye rafu aliandika "grafu" badala ya glavu, na mimi niliumia kila nilipopita, na siku moja nikarekebisha kwa siri. Kesho yake nilikuta ameirudisha kama ilivyokuwa.

Alistaafu mwaka wangu wa sita, bila sherehe, kwa sababu alichukua likizo na hakurudi. Nafasi ya mizani ilikuwa imeshapewa kijana kutoka Mwanza mwenye cheti chake halali. Siku moja niliingia chumbani kwake na majibu, nikaona kwamba chini ya kibano, juu ya meza nyeupe, ametandika kipande cha kitambaa cheusi.

"Hiki cha nini?" niliuliza, ingawa nilikuwa nimeshajua.

"Kwenye nyeupe punje haionekani, dada. Inang'aa, meza inang'aa. Weka nyeusi chini, hata mwenye macho mabovu anaiona." Akacheka. "Hujawahi kuona? Na wewe umekaa hapa miaka yote."

Nilisema sijawahi. Nilirudi kwenye kiti changu nikaingiza majibu ya mchana mzima bila kukosea hata namba moja.

Mwezi uliopita nilikwenda Shinyanga. Kitambaa nilikitoa kwenye droo, nikakifua, nikakipiga pasi, nikakikunja mara nne, mikunjo imesimama kama ya suruali ya askari. Nikakitia kwenye bahasha, nikakitoa kwenye bahasha. Nilimkuta kwa binti yake, amekaa kwenye mkeka uani, anachambua choroko kwenye ungo, na mjukuu, ambaye sasa anatembea, anazirudisha zile mbovu kwenye nzuri.

"Shikamoo, Mama Stoo."

"Marahaba. Hapa hakuna stoo. Kaa."

Nilikaa. Aliniuliza habari za kila mtu, kwa kazi zao. Je, Tanuru ameoa? Geti bado anatafuna? Nilimjibu yote. Halafu nikakiweka kitambaa kwenye mkeka kati yetu, nikamweleza, kuanzia droo. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima kwenye basi na yote yalitoka kwa mpangilio niliotaka, nikaona aibu kwa jinsi yalivyopangika.

Alimaliza kwanza choroko zilizokuwa mbele yake.

"Kwa hiyo hakikumfika."

"Hakikumfika."

"Na mimi miaka yote hii nasema, baba yule hata hakuniambia kama kilimfaa." Alicheka, kicheko kifupi cha puani. "Nimemnunia bure mzee wa watu."

"Nimekuletea urudishe, Mama."

"Nirudishe wapi? Mimi nilishakitoa. Si changu." Alikiinua kwa kona moja, akakitazama. "Baba yule yuko Maganzo. Jicho moja wamelisafisha, linaona. Anatengeneza saa na simu pale barabarani, viskrubu vidogo vya ajabu vinampotea mezani siku nzima. Mwezi juzi binti yangu alimpelekea simu, akakuta watu wanamsaidia kutafuta."

"Nimpelekee nini nikienda?" Niliposema hivyo nilikuwa tayari nawaza: mchele, sukari, labda shuka.

"Hicho."

"Na nimwambie nini?"

"Kwani mimi nilikuwa nasema nini?"

Nikanyoosha mkono nikichukue. Hakunipa. Alikitazama tena, ile mikunjo yangu, akatikisa kichwa kama mtu aliyekuta glavu mpya imerudishwa badala ya iliyochanika. Akakifungua, akakifinyanga ndani ya viganja vyake viwili, polepole, akikisugua kama anayefua, mpaka pasi yangu yote ikapotea na kikawa tena tambara. Mjukuu alitaka nacho, akamnyima.

"Sasa kinafanana na kitu cha kutumia," alisema. "Shika."

Gari la Maganzo lilikuwa bado stendi. Nilikishika mkononi njia nzima, wazi, na sikukikunja.